Je, Waliimba Kweli? Habari za Waimbaji wa Televisheni ya Zamani

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za jambo ambalo wengi wetu tumelitazama kwa macho wala hatukulitambua. Tunapowaona waimbaji katika picha za televisheni za zamani, wamesimama na magitaa yao, midomo yao ikifumbuka na kufumba, je, sauti tunayoisikia ilitoka vinywani mwao saa ile ile, au ilitoka katika sahani ya santuri iliyotengenezwa mahali pengine siku nyingi kabla?

Sababu ya kulichagua jambo hili ni mabishano ya wanafunzi wangu wawili chuoni. Walikuwa wakitazama picha ya kikundi kimoja cha waimbaji wa Uingereza wa miaka ya 1960. Mmoja akawasifu sana, akasema, "Hawa ndio waimbaji, wanarukaruka, na pumzi haiwapotei hata kidogo." Mwenzake akacheka, akamjibu, "Ndugu yangu, hawa hawakuimba hata neno moja. Hukuona kwamba gitaa lile la umeme halina waya?" Yule wa kwanza akatahayari, kisha akakasirika, si kwa kuwa ameshindwa katika maneno, bali kwa kuwa aliona amedanganywa. Wakaja kwangu wakaniuliza, "Mwalimu, je, ni haki mtu kufanya hivi?" Naliwaomba wanipe siku chache nifikiri. Haya nitakayosema leo ndiyo majibu niliyowapa.

Yafaa kwanza tujue jambo lenyewe lilivyoanza. Televisheni ya B.B.C. ilianza kutangaza rasmi tarehe 2 Novemba 1936 katika jumba la Alexandra Palace, London. Siku zile mwimbaji alisimama mbele ya kamera, wapigaji wakakaa karibu naye, na lililotendeka ndilo lililoonekana. Aliyekosea alikosea mbele ya watu, wala hakuwa na njia ya kulirudisha kosa lake. Huko ndiko tutakakokuita leo kuimba papo hapo.

Katika redio pia ndivyo ilivyokuwa. Makampuni makubwa ya Marekani, N.B.C. na C.B.S., yalikataa kwa muda mrefu kutangaza vipindi vilivyokwisha kutiwa katika sahani, maana yalidai kwamba msikilizaji ana haki ya kumsikia mtu aliye mbele ya kipaza sauti saa ile. Lakini mwimbaji mashuhuri Bing Crosby alichoka kuwa mtumwa wa saa. Mwaka 1946 akajiunga na kampuni ya A.B.C., iliyomruhusu kutengeneza kipindi chake mapema, na mwaka 1947 akaanza kutumia kanda ya sumaku, chombo kilichotoka Ujerumani baada ya vita. Kanda ni utepe mwembamba uliopakwa unga wa madini ya chuma. Fundi aweza kuukata utepe ule kwa wembe na kuuunga tena, na neno lililokosewa likaondoka kana kwamba halikusemwa kamwe. Hata mwaka 1956 kampuni ya Ampex ikaleta kanda iliyoweza kuhifadhi picha pamoja na sauti. Tangu hapo sauti ya mwimbaji yaweza kuachana na mwili wake: sauti ikafanyika Jumatatu, mwili ukaonekana Ijumaa.

Basi, ikazuka desturi ya kuimba kwa midomo. Sahani hupigwa, na mwimbaji hufumbua kinywa akifuata maneno yake mwenyewe, na wapigaji huigiza kupiga. Katika kipindi cha Marekani kilichoitwa American Bandstand, ambacho tangu Agosti 1957 kilitangazwa nchi nzima kutoka Philadelphia, hiyo ndiyo ilikuwa kawaida. Na tusidhani kwamba waliofanya hivyo hawakujua kuimba. Sababu zilikuwa nyingine, nami nitazitaja nne.

Sababu ya kwanza ni masikio ya watu wenyewe. Kijana aliyeinunua sahani na kuipiga nyumbani mara mia aliizoea kila pumzi iliyomo. Alipowasha televisheni alitaka kuisikia ile ile, si nyingine.

Sababu ya pili ni vyombo. Vyumba vya televisheni vilijengwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza na mazungumzo. Kipaza sauti kilitundikwa mara nyingi juu ya mti mrefu ili kisionekane, na kipaza sauti kinachonasa sauti ya mwimbaji hunasa pia kishindo cha ngoma zilizo nyuma yake. Tarehe 9 Februari 1964 kikundi cha Beatles kiliimba papo hapo katika kipindi cha Ed Sullivan mjini New York, na watu wapatao milioni 73 walitazama. Hata siku kubwa kama ile kipaza sauti cha John Lennon kilikuwa hafifu, sauti yake ikafunikwa na za wenzake.

Sababu ya tatu ni wakati na fedha, maana kupanga sauti za bendi nzima huchukua saa nyingi, na saa za chumba cha kutangazia ni ghali. Ya nne ni faida ya biashara: wenye kuuza sahani walipenda watu wasikie bidhaa yenyewe itakayouzwa dukani kesho.

Lakini kati ya kuimba papo hapo na kuimba kwa midomo ziko daraja nyingine mbili, na watu wengi huzisahau. Iko ile ambayo mwimbaji huimba kwa sauti yake halisi, ila vyombo vinavyomfuata vimo katika kanda. Tena iko ile ambayo kila kitu ni cha kanda, lakini kanda yenyewe imetengenezwa upya kwa ajili ya kipindi kile, wala si sahani inayouzwa. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Waliimba au hawakuimba?" ameuliza nusu ya swali tu. Imempasa kuuliza, "Ni nini kilichofanyika siku ile, na ni nini kilicholetwa kimekwisha kufanywa?"

Mfano mzuri wa mchanganyiko huu ni tarehe 25 Juni 1967, ulipotangazwa kwa njia ya setilaiti mkutano wa picha kutoka nchi mbalimbali ulioitwa Our World. Beatles waliuwakilisha upande wa Uingereza kwa wimbo All You Need Is Love. Sehemu ya vyombo vya wimbo ule ilikuwa imetiwa katika kanda siku chache kabla. Lakini juu ya kanda ile waliimba kwa sauti zao, na baadhi ya magitaa, na ngoma, na kundi la wapiga fidla na tarumbeta waliokuwamo chumbani, vyote vilipigwa saa ile ile, dunia ikitazama. Basi, ilikuwa kanda au papo hapo? Ilikuwa vyote viwili. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Sasa niwaambieni habari za ugomvi mkubwa uliotokea Uingereza, maana humo ndimo tuonapo kwamba jambo hili si la furaha tu, bali ni la riziki za watu. Kipindi cha B.B.C. kiitwacho Top of the Pops kilianza tarehe 1 Januari 1964 mjini Manchester, katika jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Mwanzoni waimbaji waliimba kwa midomo. Lakini angalieni: jambo lile halikufichwa. Karibu na mtangazaji alikaa binti mbele ya santuri, akaiweka sahani mbele ya macho ya watu, ndipo wimbo ulipoanza. Mtazamaji aliyetaka kujua alijua.

Walakini Chama cha Wanamuziki wa Uingereza hakikuridhika. Hoja yake yafaa ifikiriwe kwa haki. Mpiga fidla aliitwa siku moja kutengeneza sahani, akalipwa ujira wa saa zake, akaenda zake. Sahani ile ikapigwa mara elfu. Na kila ilipopigwa hewani ilichukua nafasi ya mpiga fidla mwingine ambaye angaliitwa kazini na kulipwa. Yaani kazi ya mtu ya jana iligeuka kuwa mshindani wake wa leo. Kwa sababu hiyo katika redio yalikuwapo mapatano ya kupunguza saa za kupiga sahani hewani. Methali yetu yasema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Lakini atatuzwaje ikiwa kivuli chake ndicho kinachoitwa kucheza?

Hata mwaka 1966 kuimba kwa midomo kukakatazwa katika kipindi kile. Matokeo yalikuwa ya kuchanganya. Vikundi vingine vilionekana kuwa dhaifu kuliko sahani zao. Kundi la wapigaji wa kipindi, lililoongozwa na Johnny Pearson, lilikuwa na mafundi hodari wa kusoma nota. Lakini wimbo uliotengenezwa kwa siku nyingi kwa hila za mitambo, wao walipewa muda mfupi tu kuuiga, na mara nyingi ulisikika kama ndugu wa mbali wa wimbo wenyewe. Ndipo yakafanywa mapatano mapya: kanda iruhusiwe, ila iwe imepigwa upya na wanamuziki watakaoonekana. Na wengi waliokuwamo wamesimulia baadaye jinsi kanda ile mpya ilivyobadilishwa kwa siri na ile ya sahani ya kwanza. Sheria ikatimizwa, ukweli ukabaki nje mlangoni. Tena kanda zikazaa hatari zao: mwaka 1967 Jimi Hendrix alisimama tayari kuimba, na fundi akapiga kanda ya wimbo wa Alan Price badala ya wake.

Pengine msikilizaji ataniuliza, "Nitajuaje mimi nitazamapo?" Ishara zipo, nazo hazihitaji elimu kubwa.

Tazama gitaa la umeme: lisipokuwa na waya katika picha ya miaka ya 1960, fahamu kwamba halitoi sauti, maana magitaa yasiyo na waya hayakuwa desturi wakati ule. Mtazame mwimbaji: akigeuza kichwa mbali na kipaza sauti, na sauti isififie, sauti ile haikupita hapo. Tazama matoazi: yakipigwa bila kutikisika, au mkono wa mpigaji ukigusa kabla ya mlio kufika, hiyo ni kanda. Sikiliza mwisho wa wimbo: ukififia polepole hali wapigaji wangali wanapiga kwa nguvu, huo ni ufundi wa sahani, maana bendi iliyo hai hapana budi kuumaliza wimbo wake. Sikiliza kama sauti moja imegawanyika ikajifuata yenyewe kwa sauti ya pili, hali kinywa ni kimoja. Na ukisikia fidla ishirini, wala humwoni mpiga fidla hata mmoja, basi mwenye macho haambiwi tazama. Lakini usiharakishe kuhukumu: ishara za vyombo hazihukumu sauti. Pengine wapigaji wanaigiza, na mwimbaji anaimba kweli.

Je, kuimba papo hapo kuna nini ambacho kanda haina? Nitawapa mfano mmoja tu. Tarehe 4 Januari 1969 huyo huyo Jimi Hendrix alikuwa katika kipindi cha mwimbaji Lulu cha B.B.C., naye alipiga na kuimba kweli. Katikati ya wimbo Hey Joe alisimama ghafla, akawaambia watu kwamba anauacha, kisha akaanza kupiga wimbo wa kikundi cha Cream, kilichokuwa kimevunjika karibuni, ili kuwapa heshima. Wakaendelea kupiga mpaka saa ya kipindi ikaisha. Watu wa mitambo walihangaika, lakini waliokuwa nyumbani waliona jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kanda haiwezi kubadili nia yake. Mtu aliye hai aweza. Na kwa sababu hiyo tunamsikiliza kwa moyo ulioinuka, tusijue litakalofuata.

Lakini nisije nikawaonea wale walioimba kwa midomo. Tarehe 25 Machi 1983, huko Pasadena, Marekani, ilifanywa sherehe ya miaka 25 ya kampuni ya Motown, nayo ikaonyeshwa katika televisheni mwezi wa Mei. Michael Jackson aliimba nyimbo za zamani pamoja na ndugu zake, na kipaza sauti cha Jermaine kilipoharibika Michael akamsogezea chake wakaimba pamoja. Kisha akabaki peke yake, ikapigwa sahani ya Billie Jean, naye akafuata kwa midomo tu. Hapo ndipo alipoteleza nyuma kwa miguu ile iliyostaajabisha dunia. Sauti ilikuwa ya kanda, lakini miguu haikuwa ya kanda. Jambo jipya la usiku ule lilikuwa mchezo, na mchezo ulikuwa kweli tupu. Nani atasema kwamba watu wale hawakupewa kitu?

Na sasa nije kwa mtoto wa pwani yetu. Freddie Mercury, mwimbaji wa kikundi cha Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Mwaka 1975 kikundi chake kilitoa wimbo Bohemian Rhapsody, wenye urefu wa karibu dakika sita, na katikati yake zimo sauti nyingi mno, ambazo watu watatu waliziimba tena na tena na kuzipandisha moja juu ya nyingine katika kanda mpaka zikawa kama kwaya kubwa. Wangewezaje kuusimamisha wimbo ule katika Top of the Pops? Watu wanne hawawezi kuimba kama watu mia, na kuigiza kwamba wanaweza kungalikuwa kichekesho. Kwa hiyo Novemba 1975 wakatengeneza picha yao wenyewe kwa saa chache tu, wakaipeleka ionyeshwe badala yao. Picha ile haikujifanya kuwa bendi inayopiga mbele yako. Nyuso zilitokea gizani zikazidishwa kwa hila za kamera, na kila mtu aliona kwamba huu ni ufundi.

Katika maonyesho yao mbele ya watu walifanya lililo bora zaidi. Sehemu ile ya sauti nyingi ilipofika, waliondoka jukwaani, wakaiacha kanda ilie peke yake katika giza na mianga. Ilipokwisha wakarudi, wakaendelea kwa mikono yao na sauti zao. Hawakumwambia mtu, "Hii ni sisi." Jukwaa tupu lilisema lenyewe. Mimi naona humo jibu la swali la wanafunzi wangu.

Bado neno moja. Televisheni za zamani hazikuhifadhi kila kitu. Kanda za picha zilikuwa ghali, zikafutwa ili zitumike tena. Na vipindi vingi vya Top of the Pops vya miaka ya 1960 vimepotea kabisa. Beatles walipokuja katika kipindi kile tarehe 16 Juni 1966 waliimba kwa midomo, na kanda yake haikubaki. Mwaka 2019 kilipatikana kipande cha sekunde 11. Hasara ile ni ya macho. Sauti tunayo, maana imo katika sahani mpaka leo. Lakini mwimbaji aliyeimba papo hapo usiku mmoja, kwa namna ambayo hakuimba kabla wala baada, na kanda yake ikafutwa, huyo amepotea mara mbili, hapana sahani itakayomrudisha. Kwa hiyo yapasa watunzaji wa nyaraka, na sisi tuwaonyeshao vijana picha hizi, tuandike wazi kando ya kila picha: hapa waliimba, hapa ni sahani, hapa ni sauti ya kweli juu ya kanda. Picha isiyoandikwa hivyo ni shahidi asiyesema alikuwa wapi.

Basi, wanafunzi wangu naliwajibu hivi. Kanda si uongo, kama vile barua si uongo kwa kuwa mwandishi hayupo. Uongo huanza pale mtu anapotaka sifa ya jasho ambalo halikutoka, au anapomnyima mwenziwe ujira kwa kumweka kivuli mahali pake. Binti wa Manchester aliyeiweka sahani mbele ya macho ya watu hakumdanganya mtu. Aliyebadilisha kanda kwa siri aliwadanganya wote.

Yule kijana aliyekasirika akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Lakini, Mwalimu, je, naweza kuendelea kuupenda wimbo ule?" Nikamwambia, "Upende, mwanangu. Ila sasa unajua unapenda nini." Wakarudi wote wawili kuitazama picha ile mara ya pili, na nikawasikia kwa mbali wakihesabu nyaya za magitaa.